RAD21 ikiondolewa vitone vya γH2AX havishuki: ukarabati umekwama, au saa zimechaguliwa vibaya?

Pete_na_Uzi

Wakuu, naomba jicho la wanaoshughulika na kromatini kila siku.

Swali ni mchango wa kohesini, pete ya protini inayozunguka DNA, pale DNA inapokatika nyuzi zote mbili. Mpango ulio mezani: seli za HCT116 (za saratani ya utumbo mpana) ambazo RAD21 yake, kipande kimoja cha pete hiyo, imeungwa mkia wa mAID unaoitika oksini, oksini (IAA) µM 500 kwa saa 24 ili kuiteketeza, kisha mionzi ya X Gy 4 (grei, kipimo cha dozi), halafu vitone vya γH2AX, alama ya histoni inayotokea kuzunguka mkato wa DNA, vinahesabiwa saa 24 baadaye. Picha za mwanzo zinaonyesha vitone vingi vimebaki kwenye seli zisizo na RAD21. Shida ni kwamba hata zile ambazo hazikupigwa mionzi zina vitone vyake, na baadhi ya viini vimewaka vyote kama taa, bila kitone kinachoweza kuhesabika.

Ninayotaka kujua:

1. Vitone vilivyobaki vinatosha kusema HR (ukarabati unaotumia nakala nzima ya DNA kama kiolezo) imeshindwa kwa sababu kromatidi dada, yaani nakala mbili za kromosomu moja, hazishikiliwi tena?
2. Nitajuaje kama kilichokosekana ni ile kazi ya kushikilia kromatidi dada, au ile ya kuvuta vitanzi vya DNA?
3. SMC5/6 inafaa kuwa kidhibiti cha kulinganishia, kwa vile nayo ni pete ya familia hiyohiyo?

---

G2_Mpaka_M

Havitoshi. Anza na hizo saa 24, maana ndizo zinazoharibu kila kitu kinachofuata.

HCT116 hujigawa kila baada ya saa 18 hadi 20 hivi. Ukiiteketeza RAD21 kwa saa 24 kabla ya mionzi, karibu kila seli itakuwa imepita S (hatua ya kunakili DNA) bila kohesini, na nyingi zimefika mitosisi. Huko kromatidi dada zinaachana kabla ya wakati, kituo cha ukaguzi cha mitosisi kinazuia seli isiendelee, na seli inakwama. Inayoponyoka inatoka na kromosomu zilizogawanywa ovyo na viini vidogo vya pembeni, ambamo DNA hukatika upya. Inayokwama muda mrefu mno hupoteza sehemu ya TRF2 kwenye telomea. TRF2 ndiyo inayoizuia ATM, kimeng'enya kinachotambua DNA iliyokatika, isiione ncha ya kromosomu kama jeraha, kwa hiyo ikipungua unapata γH2AX kwenye telomea ambazo hakuna aliyezikata. Na vile viini vilivyowaka kote, vingi ni seli zinazokufa kwa apoptosisi. Viondoe kwenye hesabu kwa kanuni uliyoiandika kabla ya kufungua picha, si kwa jicho.

Ndiyo maana seli ambazo hazikupata mionzi zina vitone. Umeweka mionzi juu ya seli ambazo tayari ni wagonjwa.

Cha kufanya: oksini saa 2 hadi 3 tu kabla ya mionzi. RAD21-mAID hushuka haraka, ndani ya saa moja sehemu kubwa imekwisha, lakini hakikisha kwa Western (kipimo cha kiasi cha protini) na usikubali bendi inayoonekana kwa urahisi. Pete chache zilizobaki zinaweza kushikilia kromatidi dada vizuri kuliko unavyodhani. Weka na vidhibiti viwili ambavyo watu huvisahau: seli zisizo na mkia zilizopewa oksini, na seli zenye mkia zisizopewa oksini. Huyo wa pili ni muhimu kwa sababu OsTIR1 ya kawaida (protini inayoipeleka RAD21 ikateketezwe oksini ikiwepo) huvuja. RAD21 inaweza kupungua hata kabla hujaongeza chochote. Toleo la AID2, lenye OsTIR1 F74G na 5-Ph-IAA µM 1, huvuja kidogo zaidi.

Halafu dozi. Gy 1 ya mionzi ya X hutoa mikato ya nyuzi mbili 20 hadi 40 kwa seli iliyo G1, kabla ya kunakili DNA. G2, hatua ya baada ya S, ina DNA maradufu, kwa hiyo zidisha mara mbili. Kwa Gy 4 unazungumzia vitone mia na zaidi katika kiini kimoja. Vinapandana, na hakuna programu itakayovitenganisha. Tumia Gy 1.

Na muda wa kuhesabu. Hapa wengi huteleza, kwa kudhani G2 ni uwanja wa HR. Sivyo. Hata G2, asilimia 80 hivi ya mikato ya mionzi ya X huungwa kwa NHEJ, yaani ncha kuunganishwa moja kwa moja bila kiolezo: Ku70/80 inavaa ncha ndani ya sekunde, DNA-PKcs inaifuata, kisha XRCC4 na ligasi IV zinafunga. HR inachukua asilimia 15 hadi 20, ile mikato inayochelewa. Tuseme umeanza na vitone 60 kwenye G2 dakika 30 baada ya mionzi. HR ikifa kabisa, vitakavyokwama ni kama 9 hadi 12. Kwa saa 2 huoni tofauti yoyote, na kwa saa 24 unaona makosa ya mitosisi. Dirisha lako ni saa 6 hadi 8.

---

kioo_cha_hadubini

Naongezea upande wa picha, kwani mkuu hapo juu amesema G2 bila kueleza itatambulikaje.

Wapige EdU (inayoingia kwenye DNA inayonakiliwa) µM 10 kwa dakika 30 kabla tu ya mionzi, na iache EdU ndani wakati wote wa ukarabati pamoja na afidikolini, inayozuia kunakili DNA, ili seli za S zisitambae kuingia G2 ukiwa unasubiri. Mwishoni: EdU chanya ni S, itupe. EdU hasi yenye DAPI (rangi ya DNA) maradufu na CENP-F (protini ya kuitambulisha G2) kwenye kiini kizima ni G2. EdU hasi yenye DAPI moja ni G1, nayo usiitupe: G1 haina kromatidi dada, hivyo ndiyo kidhibiti chako cha ndani. Ikiwa kuondoa RAD21 kunaacha vitone vingi hata G1, basi hadithi ya kromatidi dada imeanguka hapohapo. H3 yenye fosfeti kwenye S10 itakuonyesha waliokwisha kuingia mitosisi, wasihesabiwe.

Sasa RAD51, protini ya HR inayovaa uzi mmoja wa DNA, maana γH2AX peke yake haisemi njia ipi inatumika. RAD51 nyingi inaelea tu ndani ya kiini, haijashika kitu. Ukikaza seli moja kwa moja kwa paraformaldihaidi utapata ukungu mwekundu, na ukungu huo utaandika "hakuna vitone". Ioshe kwanza: bafa baridi yenye Triton X-100 asilimia 0.5, juu ya barafu, dakika 2 hadi 3, ndipo paraformaldihaidi asilimia 4 kwa dakika 10 hadi 15. Ukifika dakika 5 seli zilizojikunja, ambazo zimeshika kioo kwa shida, zinaondoka na bafa. Sampuli yako imebadilika na hakuna kitakachokuonyesha kuwa imebadilika. RPA, inayofunika uzi mmoja wa DNA kabla ya RAD51, nayo inahitaji uoshaji huo. γH2AX haiuhitaji, imo ndani ya histoni yenyewe.

Piga picha kwa tabaka za µm 0.3 hadi 0.5 na uzibandike pamoja, kwa sababu kiini si karatasi. Na anayehesabu asijue kioo kipi ni kipi. Huu ushauri unachosha kuurudia lakini bado watu wanahesabu wakiwa wanaona lebo.

---

histoni_na_jirani

Kuna jambo zito zaidi ambalo halijaguswa: katika jaribio hili kipimo na kinachopimwa vimefungwa pamoja.

Kitone cha γH2AX si mkato. Ni eneo la kromatini kuzunguka mkato ambapo H2AX imewekwa fosfeti kwenye serini 139, na eneo hilo linaweza kufika jozi za besi milioni moja na zaidi. ATM imekaa kwenye ncha iliyokatika, imeitwa na MRN, yaani MRE11, RAD50 na NBS1. Inaifikiaje nyukliosomu (DNA iliyozungushwa kwenye histoni) iliyo mbali kb 400, yaani jozi za besi 400,000? Kazi iliyochapishwa mwaka 2021 ilionyesha kwamba kohesini inatia nanga kwenye mkato na kuvuta kitanzi kila upande. Kromatini inapopita mbele ya ATM, inapigwa muhuri. Eneo la γH2AX ndiyo maana hufuata mipaka ya kikoa cha kromatini kilichokuwepo kabla ya mkato, badala ya kutanda sawasawa pande zote kama wino.

Piga hesabu uone inavyoingiana. Kohesini ya binadamu ikiwa na NIPBL, mshirika wake wa kuvuta vitanzi, huvuta kb 0.5 hadi 1 kwa sekunde katika majaribio ya molekuli mojamoja. Kb 500 zinavutwa kwa dakika 8 hadi 17 isipokutana na kizuizi. Pete ya kawaida ya G1 hukaa kwenye DNA kama dakika 20 kabla WAPL haijaifungua. Ndani ya nusu saa unayosubiri kuona vitone vimekomaa, kitanzi kimeshajaza kikoa.

Sasa ondoa RAD21. Vitanzi vinakwisha, uenezaji wa γH2AX unabadilika, na kitone kinaweza kufifia au kubadilika umbo wakati idadi ya mikato ni ileile. Programu inayohesabu kwa kizingiti cha mwangaza itakudanganya pande zote mbili: vitone hafifu vinapotea mwanzoni, na kitone kimoja kilichomeguka kinahesabiwa viwili mwishoni. Usiweke kizingiti kimoja ulichokipata kwenye seli za kawaida ukakitumia kwa zote. Chora msambao wa ukubwa na mwangaza wa vitone vya dakika 30 kwa kila aina ya seli kabla ya kugusa saa 8.

Pima mikato yenyewe pia kwa njia isiyopitia kromatini. Elektroforesisi ya jeli kwa umeme unaobadili mwelekeo inapima DNA iliyovunjika kweli, ingawa inadai makumi ya grei, kwa hiyo itakuambia juu ya NHEJ zaidi kuliko HR. Metafezi ni bora kwa swali hili: hesabu kromatidi zilizokatika kwenye seli zilizopata mionzi zikiwa G2. Ila bila kohesini kromatidi dada zimeachana, na kusoma metafezi ya namna hiyo kunahitaji mtu mwenye subira.

Neno moja kuhusu HCT116. Haina MLH1, protini ya kurekebisha makosa ya kunakili DNA, na kutokana na udhaifu huo mfuatano wa T ndani ya introni ya MRE11 umefupika, hivyo MRE11 yake iko chini. MRE11 ndiyo inayoanza kuchonga ncha kwa ajili ya HR. Unapima HR kwenye seli ambayo mlango wake wa HR tayari ni mwembamba. Rudia walau kipimo kimoja kwenye seli za RPE1.

---

Pete_na_Uzi

Nimeelewa kuhusu saa na dozi, asanteni sana. Ili seli za G2 zisivuke kwenda mitosisi ndani ya hizo saa 8, nilifikiri kuongeza RO-3306 µM 9. Kuna ubaya?

---

G2_Mpaka_M

Upo, na ni mtego mzuri kweli.

RO-3306 inazuia CDK1, kimeng'enya kinachoiingiza seli mitosisini. Seli inatulia G2, sawa. Lakini HR inafunguliwa na CDK hizohizo: CtIP, msaidizi wa MRE11, lazima iwekwe fosfeti kwenye treonini 847 ndipo iiamshe MRE11 ikate ndani kidogo ya ncha, kwenye uzi wa 5', kisha ile kurudi nyuma kuelekea ncha. Baada ya hapo EXO1, au DNA2 ikiwa na BLM, inachonga mbali. Bila kuchongwa hakuna uzi mmoja wa 3', RPA haina pa kukaa, BRCA2 haina pa kuiweka RAD51. Ukiweka RO-3306 unapunguza HR kwa mkono wako halafu unailaumu pete.

Acha seli zenyewe. Gy 1 inaamsha ukaguzi wa G2 na kuzishikilia kwa saa kadhaa. Tahadhari tu kwamba kohesini yenyewe ina mchango kwenye ukaguzi huo, hivyo seli zisizo na RAD21 zinaweza kuvuka mapema. Weka nokodazoli, inayonasa seli mitosisini, kwenye sahani moja ya pembeni, hesabu H3-S10 kila saa 2, utajua wangapi wameponyoka na wakati gani. Wakiwa wengi kabla ya saa 8, rudisha kipimo saa 6.

---

Mzamivu_wa_SMC

Nijibu swali la pili, naona kila mtu amelizunguka.

Kuiteketeza RAD21 kunaua kazi zote mbili kwa pigo moja. Kwa hiyo jaribio lako, hata likifanywa vizuri kabisa, haliwezi kutofautisha kushikilia na kuvuta. Unahitaji kuzitenganisha, na seli imekurahisishia kwa sababu pete za kazi hizo mbili hazifanani.

Wakati wa S, pete inayofunga kromatidi dada hupigwa asetili na vimeng'enya ESCO1 na ESCO2 kwenye lisini 105 na 106 za SMC3, kipande kingine cha pete. Kisha protini sororini inakaa juu yake na kumzuia WAPL asifungue mlango kati ya SMC3 na RAD21. Pete hizo hudumu saa nyingi. G2 zinakuwa karibu theluthi moja ya kohesini iliyo kwenye kromatini. Theluthi mbili zilizobaki zinaingia na kutoka, na zinahitaji NIPBL ili zivute.

Basi:

Teketeza sororini kwenye G2: kromatidi dada zinaachana, vitanzi vinabaki.

Teketeza NIPBL kwenye G2, seli ikiwa imeshamaliza S: vitanzi vinakwisha, kromatidi dada zinabaki zimeshikwa na pete za zamani. Sharti la "imeshamaliza S" ndilo kila kitu. Ukianza mapema, hata kushikilia hakutajengwa.

WAPL pia inafaa kama upande wa tatu: ukiiondoa, pete hazitoki, vitanzi vinarefuka, na kromatini inajikusanya kama tambi nyembamba unazoziona kwa hadubini ya kawaida. Hapo maeneo ya γH2AX hayafuati tena vipimo vyake vya kawaida. Mimi ningeifanya baadaye, kwa sababu WAPL ikikosekana muda mrefu seli hushindwa kutoa kohesini kwenye mikono ya kromosomu mapema mitosisini, na unarudi kwenye vurugu ileile ya mitosisi.

Utakachosoma: G2 ya sororini ikiacha vitone saa 8 na RAD51 yake ikaonekana imekaa na haiondoki, maana yake uzi umechongwa, umevishwa RAD51, ila kiolezo hakipatikani jirani. Hicho ndicho ushahidi wa kromatidi dada. NIPBL ikiharibu γH2AX ya dakika 30 huku idadi ya RAD51 ya saa 4 ikibaki ileile, kitanzi kilikuwa cha kutangaza jeraha zaidi kuliko cha kulitibu.

Na tafadhali msiseme kohesini "inavuta ncha mbili na kuzirudisha pamoja". Injini hizi ni dhaifu. Zinasimama kwa mvuto usiofika pikonyutoni 1. Zinapanga uzi uliolegea, haziburuti mzigo.

Kuhusu SMC5/6: haifai kuwa kidhibiti. Ndiyo, ni pete, na mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba nayo inavuta vitanzi ikiwa wawiliwawili, lakini imebeba NSE2 inayobandika SUMO, protini ndogo ya kutia alama, kwenye protini nyingine, na kazi yake ya HR iko mwishoni, kufumua DNA zilizobaki zimefungamana baada ya RAD51 kumaliza. Ikikosekana unayaona madaraja ya DNA kwenye anafezi kuliko vitone vya G2. Kazi yake nyingine haina uhusiano na mkato kabisa: inanyamazisha DNA za duara zilizo nje ya kromosomu, ndiyo maana protini HBx ya virusi vya homa ya ini B huipeleka ikateketezwe kupitia DDB1. Ukitaka kidhibiti cha HR tumia BRCA2 iliyopunguzwa: vitone vya γH2AX vinabaki saa 8, vya RAD51 havionekani kabisa. Picha mbili hizo zikitoka kinyume na hapo, kasoro iko kwenye kingamwili au uoshaji, sio kwenye biolojia.

---

kioo_cha_hadubini

Nakubaliana na Mzamivu isipokuwa kwenye sororini. Ikiteketezwa, usidhani kromatidi zimeachana, onyesha. FISH (alama inayong'aa inayoshika kipande maalumu cha DNA) ya sehemu moja ya kromosomu, G2 tu, pima umbali kati ya nukta mbili za kromatidi dada. Umbali ukiwa haujaongezeka, jaribio lote linalofuata ni bure.

---

histoni_na_jirani

Kuna jaribio moja rahisi zaidi kabla ya kutengeneza seli mpya za sororini na NIPBL, kwa sababu kutengeneza seli hizo ni miezi.

Tumia RAD21-mAID uliyonayo. Oksini saa 3, Gy 1, kisha mara moja osha oksini mara tatu kwa midia ya vuguvugu kwenye nusu ya sahani. RAD21 inarudi taratibu, na vitanzi vingi hurudi ndani ya saa moja hadi tatu. Lakini seli iliyokuwa G2 tayari imepita S, kwa hiyo kushikilia kromatidi dada hakurudi kirahisi hivyo. Vitone vya saa 8 vikishuka baada ya kuosha, kilichokosekana kilikuwa vitanzi. Visiposhuka, kilikuwa kushikilia. Western ya RAD21 ya saa 1, 2 na 4 baada ya kuosha ni lazima, maana kushindwa kuosha vizuri na kushindwa kukarabati vinatoa picha moja.

Doa lake ni hili: kwenye hamira, mkato mmoja tu unatosha kuamsha Eco1 (ESCO ya hamira) ijenge ushikiliaji mpya hata G2, na kohesini mpya inajaa eneo la kb 50 hadi 100 kuzunguka mkato. Kama seli za binadamu zinafanya sehemu ya hayo, kushuka kwa vitone baada ya kuosha kutakuwa na maelezo mawili, na itabidi uende kwenye sororini tu.